Nimeizamisha Mafia mara mbili: uzi wa kuchora mito na pwani kwenye Inkscape

Kalamu ya Bluu

Wakuu habari za muda huu.

Nauanzisha huu uzi maana nimekesha wiki nzima nachora ramani ya bonde la Rufiji, ya kubandika ukuta wa darasa, upana mita moja na nusu, toka Iringa mpaka kisiwa cha Mafia. Nimehangaika kweli. Ukiingia YouTube wote wanafundisha nembo na maandishi ya kwenye tisheti, wa ramani humpati. Natumia Inkscape (programu ya kuchora) kwa sababu ni ya bure, na mashine yangu RAM 4GB, msinicheke.

Nianze na kosa lililonila siku tatu. Pwani niliishusha kutoka OpenStreetMap (ramani huria ya mtandaoni), ina kila kijikona, kila kimkono cha maji kinachoingia kwenye mikoko kimo. Mito nikaichukua Natural Earth (data za ramani za dunia) ile ya 1:10m, yaani moja kwa milioni kumi, maana ni nyepesi na unaitumia bure bila masharti. Nikapachika vyote faili moja, kwa mbali mambo safi kabisa, nikajipongeza na chai. Kuzumu (kuikuza picha) sasa! Mto mmoja umeishia nchi kavu haujafika baharini, mwingine umetoboa rasi ukatokea upande wa pili unaelea baharini kama uzi umedondoka kwenye shuka. Nikaanza kuvuta nodi (vile vipointi vinavyoushika mstari) moja moja kuupeleka mto kwenye mdomo wake, nikimaliza huu naona ule nao umepinda vibaya, mpaka saa tisa usiku.

Kumbe tatizo sio nodi, ni skeli. Kwenye 1:10m milimita moja ya ramani ni kilomita 10, kwa hiyo mtu aliyechora ule mto akikosea nusu milimita tu tayari kahama kilomita 5, na wala hajafanya vibaya, kwa ramani ya Afrika nzima ile iko sawa. Kosa ni langu kuiunganisha na pwani iliyochorwa mtu akiwa anaona mpaka mtumbwi. Nikafuta yote, nikachukua mito na pwani sehemu moja, siku moja, OpenStreetMap tupu (hawa ukichapisha lazima uwataje pembeni, weka maandishi madogo chini inatosha).

Halafu nikapiga hesabu. Iringa mpaka Mafia ni kama kilomita 460, bango langu mita 1.5, kwa hiyo milimita moja ni kama mita 300. Chochote chembamba kuliko hapo hakionekani ukutani, ni mzigo wa bure kwa kompyuta. Pwani yangu ilikuwa na nodi zaidi ya elfu 60, kila nikiigusa mashine inaganda naenda kunywa maji. Nikaipitisha Mapshaper (tovuti ya kupunguza nodi za ramani), unavuta kile kitelezi polepole unaangalia pwani inavyolainika, nikasimama pale delta ilipoanza kupoteza midomo yake, nikarudi nyuma kidogo.

Sasa unene wa mto. Mwanzoni nilichora mto wote unene mmoja, ukawa kama waya wa umeme. Mto unaanza na uzi unaishia na kamba, ndo ilivyo. Kwenye Inkscape kuna efekti ya pathi (mstari uliochorwa) inaitwa pawa stroki (Power stroke), ukiiweka halafu ukashika kifaa cha nodi (N) unaona vidoti vya rangi juu ya mstari, unavuta kimoja pale chanzoni unakibana, kingine mdomoni unakitanua, yenyewe inajaza katikati. Raha yake mstari wenyewe unabaki mstari, kesho ukitaka kuupinda unaupinda.

La mwisho ni mpangilio wa leya (matabaka ya mchoro), na hapa ndo nilipoizamisha Mafia. Nilikuwa nahangaika kuukata mto uishie sawasawa kwenye ukingo wa bahari. Usiukate. Uache upitilize uingie baharini kadri unavyotaka, halafu bahari iweke JUU ya mito. Bahari inaficha mkia wote. Chini kabisa ardhi, juu yake mstari wa pwani, juu yake mito, juu ya vyote bahari isiyo na mstari wowote pembeni. Mstari wa pwani bahari inaufunika nusu, kwa hiyo uweke mnene mara mbili ya unavyoutaka. Faida nyingine mto unapita juu ya mstari wa pwani, hakuna tena ile laini inayofunga mdomo wa mto kama geti.

Ila bahari ikiwa juu, visiwa vyote vipo chini yake. Nilipoipandisha tu, Mafia kwishney, Songosongo kwishney. Dawa: vishike visiwa vyote viunganishe kiwe kitu kimoja (Ctrl na +), vikopi (Ctrl+D), kopi ipandishe juu ya bahari, halafu shika kopi na bahari uitoe kopi kwenye bahari (Ctrl na -), bahari inabaki na matundu ya umbo la visiwa na Mafia inachungulia kutoka chini.

Mwenye la kuongeza aongeze. Picha naweka jioni umeme ukirudi.

Mzee wa Skrini

Sasa mkuu si ungepiga skrinishoti ya ramani ya kwenye simu ukai-trace (programu iifuatishe yenyewe) ikawa vekta, yaani mistari badala ya picha? Dakika mbili. Mnapenda kujitesa.

Kalamu ya Bluu

Nilijaribu mzee wangu, Shift+Alt+B, siku ya kwanza kabisa. Pikseli ni miraba, kwa hiyo pwani inakuja na ngazi kama za ghorofa, ukilainisha ngazi na delta nayo inalainika inakuwa kama uji. Halafu kila jina lililoandikwa juu ya mto linaukata, Rufiji yangu ilikuwa vipande kumi na kitu na kimoja kati yake kilikuwa herufi R. Na hizo ramani zina wenyewe, bango likichapishwa likauzwa ni kesi.

Mwl wa Fomu Two

Nimefundisha jiografia miaka 14 naomba niongee kama mteja maana mabango haya ndo tunayapokea. Kazi nzuri ndugu yangu, ila wachoraji wengi mnakosea matawimto. Mto mdogo ukiingia mkubwa unaingia kwa kuelekea kule maji yanakokwenda, ile Y mkia wake unaangalia baharini. Mnaichora kinyume, mto unaonekana unagawanyika ukiwa mlimani, mwanafunzi anaangalia anadhani maji yanapanda Udzungwa. Maji yakishakusanyika hayagawanyiki hovyo, yanagawanyika kwenye delta, na ndo maana delta inaonekana kama mti uliopinduliwa.

Pili, Rufiji yenyewe umeianzia wapi? Isije ikawa umeandika Rufiji mpaka juu Iringa. Kilombero na Luwegu ndo wakikutana unaanza kuitwa Rufiji, Ruaha Mkuu anaingia baadaye.

Na la tatu hili usiponisikia bango lako limezeeka kabla halijachapwa. Pale Ruaha Mkuu anapoingia ni juu kidogo tu ya Stiegler's Gorge, na sasa hivi pale kuna bwawa la Julius Nyerere, lilianza kujazwa maji Desemba 2022. Kwa hiyo makutano yale huyachori tena kama mistari miwili inayogusana, yanaingia ziwani. Angalia data uliyoshusha ni ya lini, nyingi bado zina mto mwembamba umepita hapo kama hakuna kilichotokea.

Kalamu ya Bluu

Mwalimu umenimaliza. Nimeangalia sasa hivi, bwawa linaonekana kama umbo peke yake lakini mstari wa mto umepita katikati yake kama barabara, na nilikuwa nimeupa pawa stroki kabisa unanenepa ndani ya bwawa. Na Y mbili ziko kinyume, moja ipo upande wa Kilombero. Nadhani ni kwa sababu tawimto nililianza kulichora kutoka kwenye makutano kwenda juu, nikalipinda linavyopendeza machoni. Kuanzia leo nachora chanzo kwanza mdomo mwisho, kama maji yenyewe. Na pawa stroki inakuwa rahisi pia, nene siku zote iko mwisho wa mstari huna haja ya kukumbuka.

Mwl wa Fomu Two

Hapo sawa. Na mito ya msimu weka mstari wa vidoti vidoti. Ruaha Mkuu wenyewe tangu miaka ya 90 kuna sehemu unakauka kiangazi, sisemi uuweke vidoti wote, ila vile vijito vya Usangu na vya upande wa Dodoma usivipe bluu nzito kana kwamba kuna meli.

Mkaa Kipini

Salamu kutoka upande wa pili wa mpaka, mwambao wa Kenya. Mimi nimechora delta ya Tana kwa ajili ya kijitabu cha wavuvi na swali langu ni moja, nyinyi hiyo pwani mwaichora maji yakiwa wapi?

Nauliza kwa sababu kwetu bamvua (maji makubwa) ikipwa waenda kwa miguu hadi mahali ambapo saa sita baadaye nahodha apita na jahazi. Maji ya mwambao huu yapanda na kushuka zaidi ya mita 3 wakati wa bamvua, na pwani ikiwa tambarare hizo mita 3 za kimo ni mamia ya mita za mchanga. Halafu picha ya setalaiti yaona mikoko yasema hii ni ardhi, na mikoko yenyewe imesimama majini. Nilimwonyesha mzee mmoja ramani yangu akaniambia, mwanangu hapa ulipopaka kijani mimi nimevua kamba.

Nilichofanya ni hivi. Mstari wa pwani nimeuweka pale maji yajaapo, kama ramani za mabaharia zifanyavyo. Mikoko nikaipa umbo lake peke yake, kijani hafifu, bila mstari wowote pembeni. Na fungu la mchanga lionekanalo maji yakipwa nikalipa vidoti vya rangi ya mchanga. Ukifanya hivyo si lazima useme uongo uchague nchi au bahari.

Na mito yahama pia. Tana yenyewe haikuwa ikitokea Kipini zamani, ni karne ya 19 ndipo mfereji wa Belazoni ukachimbwa kuiunganisha na Ozi, mto ukaupenda mfereji ukahamia humo. Mtu akikuletea ramani ya babu yake usishangae mdomo uko kwengine.

pima_ardhi77

Mkaa Kipini umegusa penyewe. Naongezea moja kwa wanaotumia ramani za zamani zile za karatasi za 1:50,000 wanazi-skani wanachora juu yake. Zile zimejengwa kwenye datumu (msingi wa kupimia mahali) ya Arc 1960, na data za mtandaoni ziko WGS84. Ukizilaza pamoja bila kubadilisha, kila kitu kimesukumwa kama mita 300 hivi, kaskazini kusini. Kwenye ramani ya 1:50,000 hizo ni milimita 6, mto mzima unatoka bondeni unapanda kwenye kontua. Kwenye bango la Kalamu ni milimita moja, haitaonekana hata kidogo, kwa hiyo Kalamu usihangaike. Ila mwenye ramani ya kijiji ahangaike.

Kubadilisha usifanyie Inkscape, yenyewe haijui dunia ni mviringo, inajua karatasi tu. Fanya QGIS (programu ya ramani) kwanza, weka UTM zoni 37 Kusini kwa pwani yetu, ukimaliza toa faili la SVG ndo uingie Inkscape kupamba. Watu wanasema hili la projeksheni (kuilaza dunia ya mviringo kwenye karatasi) ni la wazungu, kuna ukweli kidogo, ukichora Uholanzi kwa digrii mbichi nchi inatanuka kama chapati, hapa kwenye nyuzi 8 kusini utofauti ni kama asilimia moja. Lakini ukizoea vibaya utakuja kuumbuka siku umepewa kazi ya huko.

Mwl wa Fomu Two

Pima, niulize hili maana wanafunzi wananikaba nalo. Kitabu kimoja pwani ya Tanzania kilomita 800, kingine 1,424. Nani mwongo?

pima_ardhi77

Hakuna mwongo mwalimu. Ni kile kitelezi cha Mapshaper cha Kalamu. Ukipima kwa rula ndefu unaruka ghuba zote unapata ndogo, ukipima kwa rula fupi unaingia kila hori unapata kubwa, na ukizidi kufupisha rula urefu unazidi kupanda. Mandelbrot aliandika kuhusu pwani ya Uingereza mwaka 1967 kwa hoja hiyohiyo. Waambie wanafunzi wakupe urefu na rula waliyotumia.

fundi fleksi

Nyie mnaongea mambo makubwa, mimi niongee ya mashine. Nachapa mabango na nakata stika, ramani zinanifikia kila mwezi na nusu yake nazirudisha.

Moja. Bluu yenu ya mto mnaichagua kwenye skrini inawaka kama taa. Wino hauwaki. Bahari iwe bluu ya maji maji, mto uwe bluu iliyoiva, kwa sababu mstari mwembamba wa rangi hafifu ukifika kwenye fleksi unapotea kabisa, mteja anakuja anauliza mito iko wapi. Mstari wowote chini ya robo milimita mimi sikuahidi kitu. Kata kipande cha karatasi ya A4 cha sehemu ngumu kuliko zote, yaani delta, tuchape kwanza tuone, hiyo nafanya hata kwa buku mbili.

Mbili. Maandishi yageuzeni kuwa pathi kabla ya kuleta, fonti yako mimi sina. Kuna mmoja jina la Ruaha lilitokea kwangu kwa fonti ya kadi za harusi. Ila baki na kopi yenye maandishi halisi, ukishageuza huwezi kurekebisha tena na spelingi hamuachi kukosea.

Tatu, hii ya stika. Kuna jamaa alileta Ziwa Victoria nimkatie la kubandika kwenye mlango wa kioo. Kwa macho safi sana. Kisu kimeingia upande wa Ukerewe kikaanza kutetemeka tr tr tr tr mahali pamoja, kimechana stika mita nzima na ncha ikavunjika. Nikafungua faili, nodi zimelaliana kama siafu, mia kwenye ukucha. Kisu sio wino, kila nodi kinasimama kinageuka. Kabla ya kukata bonyeza Ctrl+L (inapunguza nodi) mara moja, angalia, mara ya pili, angalia. Usibonyeze haraka haraka, ukiharakisha na yenyewe inazidisha nguvu unabaki na Ziwa Victoria la mviringo kama sahani.

dada_vekta

Fundi umesema kweli ila Ctrl+L isiguswe kwenye mipaka ya wilaya jamani. Inalainisha kila umbo kivyake, wilaya mbili zilizokuwa zinagusana zinaachana unaona nyufa nyeupe katikati. Mipaka lainisha Mapshaper, kule mstari mmoja wa pamoja unalainishwa mara moja kwa wote wawili.

Mimi nimekuja kwa ajili ya majina ya mito maana hapo ndo ramani nyingi zinaharibika na hakuna aliyegusa. Msilaze jina juu ya mto wenyewe. Rufiji ikifika tambarare inajikunja kunja, ukibandika maandishi kwenye huo mstari herufi zinalewa, R inaangalia juu, f imelala, j imeingia ndani ya i. Chukua kopi ya mto, hiyo sasa ipige Ctrl+L mpaka ibaki mkunjo mmoja mpole, isogeze juu kidogo ya mto, maandishi yabandike kwenye hiyo kopi halafu kopi yenyewe itoe rangi isionekane. Jina linaufuata mto bila kuuiga kila kona. Likitokea miguu juu geuza mwelekeo wa mstari kwa Shift+R. Hapo ndo faida ya kuchora kutoka chanzo inageuka hasara kidogo, mto unaotiririka kwenda magharibi jina lake lote linapinduka, lakini unageuza kopi tu, mto unauacha.

Maji yote herufi za mlazo, rangi ya bluu ileile ya mto. Milima na miji herufi wima. Macho yanazoea hata mtu asipojua kwanini.

Mzee wa Skrini

Mmenishawishi. Ila AI inachora ramani siku hizi, nimeiambia ichore Rufiji imechora fasta.

Mwl wa Fomu Two

Tuwekee tuone.

Mzee wa Skrini

Mto umetoka baharini umeenda Kilimanjaro. Naifuta.

Kalamu ya Bluu

😂😂😂 Pole mzee.

Wakuu mrejesho. Nimefanya karibu yote. Bwawa nimelichora upya, Ruaha Mkuu na Rufiji zote zinaingia ndani yake na inatoka moja tu upande wa chini. Y nimezigeuza. Mikoko nimeitenga kama alivyosema Mkaa Kipini na delta imebadilika kabisa, mwanzoni ilikuwa kama kitambaa kimechanwa, sasa unaona Simba Uranga na midomo mingine inapita katikati ya kijani. Ukiiangalia unaelewa kwanini ile manowari ya Wajerumani, Königsberg, ilijificha humo mwaka 1914 na Waingereza wakahangaika mpaka Julai 1915 ndo wakaipiga vizuri. Nimeweka na kialama kidogo cha meli, mwalimu usinune.

Delta nayo sikuichora kwa mistari tena. Ile midomo mipana niliifanya maumbo yaliyojazwa rangi, nikayaunganisha na bahari iwe kitu kimoja, kwa hiyo bahari inaingia yenyewe ndani ya nchi na mstari wa pwani unafuata kingo zote mbili za mdomo. Mto wa mstari unaanzia pale mdomo unapobana.

Ila hapohapo ndo nikaizamisha Mafia mara ya pili. Nilitaka kurekebisha mdomo mmoja tu, bahari ilikuwa nzito, nikasema niivunje vipande (Ctrl+Shift+K) nifanye kazi kwenye kipande kidogo. Ukivunja, yale matundu ya visiwa yanageuka kuwa vipande kamili vya rangi ileile ya bahari, yamekaa palepale juu ya visiwa. Sikuona. Nikatuma picha kwa mwalimu aliyeniagiza bango, kajibu kwa meseji moja tu, "Mafia wamehamia wapi?" Nimevishika vyote nikavirudisha kwa Ctrl+K, matundu yamerudi.

PDF tayari, maandishi nimeshageuza, kopi ninayo. Fundi kesho upo?

Mkaa Kipini

Hongera yakhe. Ukipata nafasi nitumie hiyo mikoko ulivyoipanga leya, ya Tana bado yanisumbua upande wa Ozi.

fundi fleksi

Nipo kuanzia saa tatu. Njoo na flashi mbili, na kile kipande cha A4 cha delta usisahau. Mafia nitaihakiki mwenyewe kabla sijawasha mashine.